Moyo Udundapo kwa Hofu, Mwenye Amri ni Nani?

Chini ya milima ya Ufipa, mahali ambapo barabara itokayo Sumbawanga huuacha ubaridi wa juu na kuteremka kwa mizunguko mingi mpaka katika joto la bonde la Rukwa, ndipo ilipo Muze. Watu wa huko hulima mpunga na mahindi, na jirani zao wa upande wa ziwa huvua samaki katika maji yenye mamba wengi. Tuseme mkulima mmoja wa Muze anakwenda shambani alfajiri, mwanga haujatimia, na mguu wake unashuka kando ya kifutu aliyejikunja majanini. Kabla hajatamka neno, kabla hata hajajua kwa hakika kwamba ni nyoka wala si kipande cha kamba, amekwisha ruka nyuma. Moyo unagonga kama mchi kinuni, mdomo umekauka, viganja ni vya baridi, na tumbo limekuwa kama lililofungwa fundo. Baada ya robo saa anacheka na wenzake, lakini mikono bado inamtetemeka.

Ni nani aliyetoa amri ya mambo yote hayo? Sisi katika lugha yetu husema moyo umeshtuka, au roho i mkononi. Hatuna ugomvi na maneno hayo, maana asemaye hueleza alichokihisi. Lakini tukitaka kujua kazi yenyewe ilivyofanyika, hapana budi tupande mpaka kichwani. Katika shauri hili moyo ni mtumishi, na mwenye amri ni ubongo.

Kwamba hofu na mapenzi huonekana katika mshipa wa mkono si habari ngeni kwa matabibu wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika al-Qanun kwamba mtu anayeugua kwa mapenzi na kulificha jina la ampendaye aweza kugunduliwa: tabibu ashike mshipa wake huku majina yakitajwa moja baada ya moja, na aangalie ni kwa jina lipi mapigo yatabadilika. Athari aliiona vizuri. Njia itokayo kichwani hata moyoni ilibaki imefichika kwa karne nyingi baada yake.

Njia hiyo leo yajulikana. Moyo una mwendo wake wenyewe. Moyo uliopandikizwa katika kifua cha mgonjwa, ambao mishipa yake yote ya fahamu imekatwa, huendelea kupiga pasipo kuamriwa na yeyote. Lakini upesi wake na upole wake hutawaliwa na mishipa ya fahamu ya namna mbili. Mmoja ni mshipa uitwao vagasi, utokao katika shina la ubongo na kupita shingoni. Kazi yake ni kuupunguza mwendo. Mingine hutoka katika uti wa mgongo, nayo huuhimiza moyo, huibana mishipa ya damu, na kuziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini. Mwaka 1921 Otto Loewi, huko Graz katika Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliuchochea mshipa wa vagasi wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka na kuyatia katika moyo wa pili, nao pia ukapunguza mwendo ingawa hakuna aliyeugusa. Hivyo ikajulikana kwamba mishipa ya fahamu husema na moyo kwa kumwaga dawa. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na mwenzake wa Uingereza, Henry Dale.

Sasa twaomba msomaji atutegee sikio, kwa maana hapa ndipo penye ajabu.

Mtu aliyemo katika sijida kichwa chake kiko chini. Akiinuka na kusimama wima, damu huteremka kuelekea miguuni, na msukumo wa damu kichwani ungeshuka hata akaanguka. Kwa nini haanguki? Kwa sababu katika kuta za mishipa mikubwa ya shingo, na katika mshipa mkuu utokao moyoni, kuna vipimo vidogo vya fahamu ambavyo huhisi jinsi kuta hizo zinavyotanuliwa na damu. Msukumo ukishuka, vipimo hupunguza habari zao kwa shina la ubongo, na shina la ubongo huuhimiza moyo na kuibana mishipa, yote kwa muda wa sekunde chache. Msukumo ukipanda, habari huwa nyingi, na ubongo huufunga moyo breki. Wazee wetu wanaoona kizunguzungu wanapoinuka aghalabu vipimo vyao vimekuwa vizito, au wanatumia dawa zinazoidhoofisha kazi hiyo. Basi wainuke taratibu, na wasione haya kuushika ukuta. Twiga, ambaye twajivunia kuwa naye katika nchi yetu, anahitaji msukumo unaokaribia maradufu ya wetu ili damu ifike juu ya shingo ile ndefu, naye anapoinamisha kichwa kunywa maji na kukiinua tena hapati kizunguzungu.

Basi turudi kwa mkulima wetu. Alipomwona nyoka msukumo wake wa damu ulipanda ghafla. Kwa kanuni tuliyoieleza, vipimo vya shingoni vilipaswa kupiga kelele, na ubongo ungeufunga moyo breki mara moja. Lakini moyo haukupungua. Msukumo ulipanda na moyo ukakimbia, vyote pamoja. Kwa nini breki haikushika?

Jibu lilitafutwa kwa muda mrefu. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba hofu na hasira huuandaa mwili kwa kupigana au kukimbia. Walter Hess, huko Zurich, aliingiza nyuzi nyembamba za umeme katika ubongo wa paka, sehemu ya chini iitwayo haipothalamasi, na paka aliyekuwa ametulia akasimamisha manyoya, akakunja mgongo na kutoa kucha, ingawa mbele yake hapakuwa na mbwa. Hess alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Kisha katika mwaka 1960 Sidney Hilton na wenzake wa London, Uingereza, wakaonyesha kwamba sehemu ile ile ikichochewa, mishipa ya damu iendayo kwenye misuli hufunguka, ilhali ya tumbo na ya ngozi hujifunga. Damu inaondolewa jikoni na kupelekwa vitani. Ndiyo sababu ya tumbo kujikunja na viganja kuwa baridi. Mwaka 1963 Hilton alieleza kwamba wakati huo huo ubongo huizuia ile breki ya shingoni.

Wataalamu wa siku hizi wameurekebisha usemi huo kidogo, na marekebisho yao twayaona kuwa ya maana sana. Roger Dampney wa Sydney, Australia, na wengine, walipowachunguza wanyama walio macho, kama sungura na panya wanaopulizwa hewa ya ghafla usoni, waliona kwamba breki haikuondolewa. Ilihamishwa. Ubongo umekisogeza juu kile kiwango ambacho breki hukihesabu kuwa cha kawaida. Ni kama mwenye dukani aliyekuwa akiuza kilo ya mchele kwa bei fulani, kisha akapandisha bei: mizani haikuharibika, yapima barabara kama jana, lakini hesabu yaanzia mahali pengine. Hivyo katika hofu msukumo wa damu huendelea kulindwa usiruke ovyo, ila walindwa katika daraja ya juu. Mtu anayekimbia mbio ubongo wake hufanya vivyo hivyo.

Amri hiyo hupita ngazi kadhaa. Sehemu ndogo iliyo ubavuni mwa ubongo, yenye umbo la lozi na iitwayo amigdala, hulinganisha kinachoonekana na hatari zilizokwisha julikana. Haipothalamasi hupokea na kuutayarisha mwili. Katikati ya ubongo, kuzunguka mfereji mwembamba wa maji, kuna nyama ya kijivu ambayo ndiyo kama jemadari wa ulinzi. Mwisho kabisa, katika shina la ubongo, kuna kikundi cha chembe za fahamu ambacho hupeleka agizo katika uti wa mgongo, na kutoka hapo hata moyoni na mishipani. Kazi hii yote huanza kabla fikra haijasema, "Ni nyoka."

Ile nyama ya kijivu tuliyoitaja ina siri nyingine. Richard Bandler na Pascal Carrive, ambao nao walifanya kazi yao Sydney, walionyesha katika miaka ya karibu na 1990 kwamba upande wake wa juu na wa ubavuni ukichochewa, mnyama hupigana au hukimbia, na msukumo wa damu hupanda. Lakini upande wa chini ukichochewa, mnyama hunyamaza kimya na kulegea, moyo hupunguza mwendo na msukumo hushuka. Yaani ulinzi una milango miwili. Ndama wa paa aliyelala majanini huku fisi akipita hakimbii, hujibanza asitikisike. Wachunguzi wa Marekani walipima watoto wa kulungu wa kwao waliosikilizishwa milio ya mbwa-mwitu, na mioyo yao ilipunguza mwendo badala ya kwenda mbio. Hata mamba, tunayemdhania kuwa hana hofu na kiumbe chochote, anayo tabia hii: mwaka 1969 ilionekana kwa jamaa yake wa Amerika ya Kusini kwamba akizama kwa hiari yake moyo haupungui sana, bali akizama kwa kutishwa hupungua mno.

Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa ajili ya vijana. Katika kila shule kuna mtoto ambaye akichomwa sindano, au akiona damu, uso hupauka na huanguka chini, na wenzake humcheka kwamba ni mwoga. Si mwoga. Kwake moyo hupunguza mwendo na mishipa hulegea kwa ghafla, na damu haifiki kichwani ya kutosha. Alazwe chali, miguu iinuliwe, aachiwe hewa. Kwa kawaida atazinduka upesi. Asikalishwe kwenye kiti kwa lazima wala asimwagiwe maji puani. Na akisikia dalili zinakuja, aikaze misuli ya miguu na mikono kwa nguvu, kwa maana kufanya hivyo hurudisha damu juu. Lakini mtu azimiaye akiwa anakimbia au anacheza mpira, au ambaye katika jamaa yake kuna waliokufa ghafla wakiwa vijana, huyo apelekwe kwa daktari pasipo kukawia.

Je, ulinzi huu ni wa nyoka na mamba tu? Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 1959 madaktari wa Prague waliwapa watu hesabu za kichwa, huku wakiwahimiza na kuwasumbua. Hapakuwa na mnyama mkali chumbani, walikuwako wanadamu na tarakimu. Hata hivyo msukumo wa damu ulipanda, damu ikafurika katika misuli ya mikono, na figo zikanyimwa sehemu yao. Ubongo uliwatayarisha watu hao kukimbia, nao wameketi. Mtu anayedaiwa akisikia hodi mlangoni, mke anayengoja maneno makali kila jioni, kijana anayengoja majibu ya mtihani, kwa wote hao jemadari ni yule yule na amri ni ile ile. Tofauti ni kwamba nyoka huondoka baada ya dakika moja.

Hofu kubwa ya ghafla yaweza kuua, na hili lina ushahidi wa hesabu. Bonde la Rukwa limekaa juu ya ufa wa ardhi, na tarehe 13 Desemba 1910 lilipatwa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kuhesabu mioyo. Lakini Los Angeles ilipotetemeshwa alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, daftari za vifo zilichunguzwa: waliokufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo siku hiyo walikuwa 24, na katika siku zilizotangulia wastani ulikuwa chini ya 5 kwa siku. Wengi wao moyo ulikuwa tayari na kasoro. Amri ya ubongo ilikuwa mzigo wa mwisho. Madaktari wa Japani nao walieleza mnamo mwaka 1990 habari za moyo unaovimba ncha baada ya mshtuko au msiba, hata ukafanana na mtungi wa kutegea pweza, wakauita kwa jina la mtungi huo, takotsubo. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona wakitibiwa.

Na ile hofu isiyo na nyoka wala tetemeko, hofu ya neno tu? Wengi hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni kuutupa uchawi, na mtu wa Ufipa hahitaji kuelezwa jinsi roho inavyoshuka mtu anapoambiwa kwamba amerogwa. Lakini jambo hili halikuanzia Ufipa wala halikuishia huko. Cannon aliandika mwaka 1942 juu ya watu waliosemekana kufa kwa sababu waliamini wamelaaniwa. Alikusanya habari kutoka Australia, Amerika ya Kusini, visiwa vya Pasifiki na Afrika. Yeye mwenyewe hakuviona vifo hivyo, na baadhi ya habari alizopewa zina shaka. Alidhani kwamba mwili uliuliwa na ule mlango wa kwanza, wa adrenalini isiyokoma. Mwaka 1957 Curt Richter wa Baltimore alitazama panya wa mwituni waliotiwa katika maji wasiyoweza kutoka. Walikufa ndani ya dakika chache, nao walikufa mioyo ikipunguza mwendo. Ulikuwa mlango wa pili. Wale waliowahi kutolewa majini mara kadhaa na kuachiliwa waliogelea muda mrefu sana walipotiwa tena.

Sisi twasema hivi: mwenye kumwambia mgonjwa kwamba jirani yake amemroga amemfanyia madhara mawili. Amemfungulia mlango wa hofu ambayo haina mwisho, maana jirani yuko pale pale kila asubuhi. Na amempotezea siku ambazo angepimwa, kwa kuwa maumivu ya kifua, kichwa kizito na mapigo ya mbio huenda ni msukumo wa damu uliopanda, na huo una dawa.

Ugonjwa huo ni mwingi kuliko tudhanivyo. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye msukumo wa juu, hata mmoja katika watano hakutimia aliyejua kwamba anao. Hatusemi kwamba hofu peke yake huuleta. Umri, nasaba, chumvi, unene na kukaa bila kazi ya mwili vina sehemu kubwa. Lakini sehemu ya ubongo ipo. Neil Poulter na wenzake walichapisha mwaka 1990 habari za Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kukaa Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Muda mfupi tu baada ya kuhamia mjini msukumo wao wa damu ulianza kupanda. Walikula chumvi nyingi zaidi na uzito uliongezeka, hayo ni kweli. Lakini mapigo ya moyo nayo yalikuwa ya kasi zaidi, na watafiti wakaona humo alama ya ile mishipa ya uti wa mgongo kufanya kazi kupita kiasi. Kijana anayepanda basi kutoka Muze kwenda kutafuta riziki Mbeya au Dar es Salaam na alijue hilo, hasa kama baba yake au mama yake anatumia dawa za presha.

Breki ile ya shingoni yaweza kusaidiwa. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, aliwapima watu wakisoma rozari ya Wakatoliki kwa Kilatini, na pia wakirudia maneno ya Kihindi. Wote pumzi zao zilikuja zikawa kama 6 kwa dakika, na vipimo vya msukumo wa damu vikawa vyepesi zaidi kujibu. Aliyezoea kuvuta tasbihi polepole baada ya sala aweza kujihesabia pumzi zake mwenyewe. Lakini tusieleweke vibaya: ibada haifanywi kwa ajili ya presha, na aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa kudhani tasbihi itamtosha.

Limebaki jambo moja la kila nyumba. Kupimwa kwenyewe humtisha mtu. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milano waliwawekea wagonjwa kipimo ndani ya mshipa, kikiandika mchana kutwa. Daktari alipoingia chumbani kuwapima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa zaidi ya 25, kisha ikashuka taratibu alipokuwa akiendelea kukaa nao. Jemadari alikuwa amemwona daktari kama kifutu. Basi uendapo kupimwa, na hasa kama umeteremka mlima kwa miguu au umegombana njiani, keti kwanza dakika 5, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini pasipo kupishana. Uwe umekwenda haja ndogo, na katika nusu saa iliyotangulia usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkono uwe wazi, umelazwa juu ya meza sawa na moyo, na usizungumze mpaka mpira utakapolegea. Omba upimwe mara ya pili baada ya dakika moja au mbili, na namba zote ziandikwe. Ikiwa katika siku mbalimbali zafika 140 kwa 90 au kupita, mwulize mganga wa zahanati dawa gani itakufaa, na siku gani urudi.